Kipaza Sauti Hakikuzimwa

San Melitón Yelagui, 9 Machi 2014

Mdogo wangu Fidencio,

Shikamoo yako huchelewa kuliko mizigo anayotuvushia Abundio mpakani, kwa hiyo nimeshaipokea mapema, marahaba. Sisi hatujambo. Baba anakula vizuri, anakohoa asubuhi tu, na lile tarumbeta lake kubwa bado analibeba mwenyewe mpaka ukumbi wa bendi. Ukimsaidia anakuangalia kama mwizi. Mahindi yametuangusha kidogo lakini maharage yamejitahidi. Abundio anakuletea kopo la mchuzi wa mole, pilipili za moshi, na panzi wa kukaanga wa wifi Zenaida. Nasema tena, panzi si wako.

Sasa habari yenyewe. Tunajenga mtandao wetu wa simu. Kampuni zote tulizoziandikia zilijibu kwamba sisi ni wachache mno na mlima wetu ni mrefu mno. Mkutano wa kijiji ukakaa kutwa nzima, ukaamua kwamba kama hatufai kuuziwa mtandao, basi tutakuwa na wa kwetu. Wamekuja vijana wa chama kimoja kutoka mjini wanaoyajua mambo hayo, wakatuonyesha kisanduku kisichozidi mkebe wa mkate. Wanasema hicho, na antena mbili juu ya mlingoti, na kila mtu atapiga simu akiwa jikoni kwake. Na ninyi mlioko Los Angeles mtapewa namba ya huko huko, mkiipiga inaita huku. Mnara utakuwa mali ya kijiji, kama kanisa na fahali.

Maana yake kibanda changu cha simu kinakufa. Miaka ishirini na mitatu nimekuwa nikiwasha kipaza sauti na kuita, "Mama Otilia, simu kutoka Los Angeles, njoo mbio," naye Otilia anateremka mlima na unga mikononi, na kijiji kizima kinajua nani kapigiwa na nani hajapigiwa tangu Pasaka. Usinionee huruma. Koo nalo linataka kupumzika.

Kamati ya mnara imeshapata mwenyekiti. Kisia. Ni Baba, mtu ambaye hajagusa simu tangu ile siku. Mkutano ulimtaja, na zamu ya kijiji unaijua, haina mshahara na haikataliwi. Alisimama, akavaa kofia, akasema, "Haya." Sasa anazunguka nyumba kwa nyumba na daftari, anaandika namba za watu na za jamaa zao walioko huko. Kwetu ameandika jina langu, akaacha mstari mmoja mtupu, akafunga daftari. Hakuuliza kitu. Ninayeuliza ni mimi: siku hizi namba yako ni ipi?

Ni mimi dada yako Hermila, sauti ya kijiji mpaka watakaponizima.


Los Angeles, 30 Machi 2014

Dada Hermila,

Shikamoo. Na nyingine hii hapa, shikamoo ya akiba, usije ukanisimanga tena mwezi ujao. Huku tuko salama. Nimetolewa kwenye kuosha masufuria, sasa napika supu, na mpishi mkuu anasema mkono wangu si mbaya kwa mtu wa milimani. Binti yetu ataanza shule Septemba. Anaimba kutwa, hajui maneno, anaimba tu. Panzi wamefika kiganja kimoja. Zenaida anasema Abundio njaa yake haijui mpaka wa nchi.

Kwa hiyo unafukuzwa kazi na mkebe wa mkate. Pole. Nani sasa atawaambia watu kwamba mume wa fulani kapiga simu mara mbili kwa siku moja, bila shaka kuna jambo? Kijiji kitakufa kwa ujinga.

Namba yangu ni ile ile. Zenaida hunicheka, anasema watu wote wameshahamia laini nzuri zaidi, mimi nimeng'ang'ania hii ya tangu siku nilipofika. Nimeizoea tu.

Habari za mstari mtupu usiniletee. Mzee akitaka kunisema, kipaza sauti anajua kilipo. Alishakiwasha mara moja. Najua nilichosema siku ile: kwamba bendi yetu inakosea muziki wa lile gwaride la sikukuu tangu enzi za babu, pale kwenye kona ya karatasi ya nota iliyoliwa na panya, na kwamba siwezi kusafiri njia yote hiyo nije kupiga makosa ya panya. Ni maneno mabaya, sikatai. Lakini nilimwambia baba yangu. Sikuwaambia bendi nzima ya kijiji jirani cha Santa Rita iliyokuwa imekuja kutupigia sikukuu, ikiwa imekaa uani inakula mole yetu. Baba kuwawekea watu maneno ya mwanawe kwenye spika za paa, hilo nimelibeba miaka sita, na sina haraka ya kulitua.

Msalimie kila mtu anayeuliza habari zangu. Asiyeuliza, mwache.

Fidencio


San Melitón Yelagui, 27 Aprili 2014

Mdogo wangu,

Marahaba mara mbili, ya akiba nimeiweka juu ya kabati. Tuko wazima. Mbuzi wa Otilia amezaa mapacha.

Jumamosi ilikuwa msaragambo wa mnara. Wanaume arobaini wamepandisha mlingoti mpaka kilele cha nyuma ya kanisa, wanawake tukapandisha tamale za unga wa mahindi na uji wake, na kama kawaida kilichopanda kwa shida ni maneno. Mzee mmoja alisimama njiani akasema mawimbi yatakausha maharage. Otilia akamwambia, "Yako yalikauka kabla ya mawimbi, mzee, wewe hupalilii." Baba alikuwa mbele, kamba begani, umri wake huo huo sabini na nne. Kila walipotua, anatoa daftari anaandika nani yupo na nani katoroka.

Nimejaza ukurasa ili nisifike hapa. Nimefika.

Fidencio, si Baba aliyewasha kipaza sauti. Barua yako nimeisoma mara nne nikiwa nimesimama, maana sikujua kwamba hivyo ndivyo unavyoamini. Siku ile ulipopiga niliwasha, nikamwita Baba kama ninavyowaita watu wote. Akaja. Unajua masikio yake yameharibiwa na tarumbeta, kwa hiyo simu yake huwa naiweka mezani, sauti juu. Kabla sijazima kipaza sauti nikaona bata mzinga kaingia kwenye sufuria la mahindi niliyoloweka ya sikukuu. Nikakimbia. Nilimkimbiza mpaka kwa jirani. Niliposikia sauti yako inatoka juu ya paa nilikuwa nimemshika bata miguu, na nilisimama pale pale kama gogo mpaka ukamaliza.

Baba naye anaamini wewe ndiye uliyeniomba nisizime, ili Santa Rita wasikie. Hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kumwambia. Kwanza niliogopa, kisha siku zikapita, na jambo la namna hiyo likishalala miaka miwili kuliamsha ni kazi. Nimekula na Baba meza moja miaka sita, nikimwona anakaa karibu na dirisha kila Jumapili, saa uliyokuwa ukipiga.

Nimesema. Fanya utakavyo.

Hermila


San Melitón Yelagui, 22 Juni 2014

Fidencio,

Abundio amekuja mara tatu mikono mitupu. Mara ya tatu alinikwepa sokoni. Sikulaumu. Naandika tu ili ujue tungali hai.

Mtandao unafanya kazi, ila ndani ya kijiji tu. Wiki ya kwanza watu walikuwa wanapigiana simu ng'ambo ya barabara, "Unaniona? Mbona mimi nakuona?" mpaka betri za kijiji kizima zikaisha. Sasa wametulia. Otilia anapokea oda za mkate kabla hajawasha tanuri, hasemi tena kwamba mkate umelala bila mnunuzi. Fundi viatu amebandika namba yake mlangoni, kisha akaenda kulala. Kuna mke mmoja, sitamtaja, ambaye mumewe amegundua kwamba huko shambani nako simu inaita, na hana tena pa kujificha.

Njia ya kwenda Los Angeles imekwama. Kilima cha Santa Rita kinatukinga, na lazima tuweke antena moja kwenye ardhi yao. Hebu mwone Baba: mwenyekiti wa kamati, anakwenda kupiga hodi kwa watu wale wale waliomcheka. Alivaa shati jeupe akaenda kwa miguu. Wazee wa Santa Rita wakampa pombe ya mezcal, wakamsikiliza, wakakubali kwa sharti moja, kwamba bendi yetu ikawapigie sikukuu yao ya Septemba, na ipige lile gwaride, lile lile la panya. Baba akasema, "Tutalipiga."

Na Baba nimemwambia. Nisingeweza kukwambia wewe halafu yeye nikamwacha. Nilimwambia akiwa anasugua tarumbeta. Alisugua mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Bata yupi?"

"Yule mweusi, Baba. Tulishamla."

"Vizuri," akasema, akaenda kula kwa jirani siku tatu.

Siku ya nne alirudi mezani kwangu, akaniomba chumvi. Sijui kama nimesamehewa. Nilimpa chumvi.

Dada yako, kama bado unanihesabu


Los Angeles, 27 Julai 2014

Dada Hermila,

Shikamoo, na nisamehe. Tumeumwa mafua nyumba nzima, tumepona, mtoto ameng'oka jino la kwanza. Hayo ndiyo mazuri ya kuanzia.

Barua yako ya Aprili niliisoma jikoni, nikaunguza supu ya watu thelathini. Wiki mbili nilikuwa na hasira na wewe, hasira ya kweli, nilikuwa nakujibu nikiwa natembea barabarani. Kisha nikaandika barua moja mbaya sana, Zenaida akaichana. Nikaandika ya pili, mizigo ya Abundio ikazuiwa mpakani pamoja nayo. Baada ya hapo sikujua tena pa kuanzia. Halafu juzi katikati ya kazi nilikuona umeshika bata miguu huku mimi nabwata juu ya paa, nikaanza kucheka peke yangu, mpishi mkuu akadhani nimekunywa. Basi. Imekwisha. Wewe ni dada yangu na bata tulishamla.

Kwa kuwa umetoa lako, nami nitoe langu. Siku ile Baba aliniomba nije sikukuu na klarineti. Nilitaka kuja, Hermila. Lakini sina karatasi za kuishi huku. Nikitoka, kurudi ni kuvuka jangwa upya, na Zenaida alikuwa na mimba ya miezi saba. Kumwambia Baba "siwezi" niliona aibu, kwani niliondoka nikijigamba. Ndiyo maana nikasema "sitaki", na ili "sitaki" iwe na uzito nikaibebesha panya. Hilo Baba halijui. Usimwambie wewe, safari hii niachie mimi.

Ila siwezi kupiga mimi kwanza. Mzee ndiye aliyekata simu siku ile. Najua utaniita mtoto. Klarineti iko chini ya kitanda, sijaiuza. Kuna bendi ya watu wa milimani kwetu huku, nilikwenda mara moja, wanalo lile gwaride kwenye karatasi kamili, na kile kipande kilicholiwa kipo, nota mbili tu. Nikanakili. Sijawahi kulipiga hata siku moja.

Fidencio, na shikamoo nyingine ya akiba


San Melitón Yelagui, 19 Oktoba 2014

Fidencio mdogo wangu,

Wewe wiki iliyopita ulisikia kwa sikio, lakini hukuona, na mimi nina macho mawili yanayoniwasha kwa kutaka kusimulia. Salamu chukua zote kwa pamoja, tuko wazima, Otilia anakusalimu, mbuzi wake anakusalimu.

Septemba bendi ilikwenda Santa Rita kulipa. Walipofika pale kwenye panya wakaruka kama kawaida, na Santa Rita nzima ikapiga makofi pale pale, maana walikuwa wanapangoja. Baba alirudi na kichwa juu. Wiki mbili baadaye antena ikasimama kwenye kilima chao.

Jumapili ile, saa sita mchana, bendi ilikuwa mazoezini ukumbini, na vijana wa mjini wakamwambia Baba, "Mwenyekiti, njia iko wazi, jaribu namba yoyote ya Los Angeles." Mimi nikaanza kupekua mkoba nitafute barua yako ya zamani yenye namba. Baba hakunisubiri. Aliishika simu kwa mkono mmoja kama anavyoshika tarumbeta, akabonyeza kwa vidole vitatu, polepole, tarakimu zote bila kuangalia popote. Daftari lilikuwa mfukoni na mstari wako ungali mtupu. Namba anayo kichwani miaka yote, mjanja yule, na mimi nilikuwa nasema labda kaisahau.

Alikwenda nayo kwenye kona ya ukumbi, akatugeuzia mgongo. Nilimsikia anasema, "Ni mimi." Kisha akaibana simu sikioni. Wewe unajua ulichomwambia, mimi sijui, nami sikusogea, ingawa kila mtu anafahamu kazi niliyoizoea. Niliona tu anavua kofia. Kisha akasema, "Subiri," akatoka ukumbini na wewe mkononi, akavuka uwanja, mimi nyuma yake mbio, mpaka kibandani kwangu.

"Washa," akaniambia.

Nikasema, "Baba, si lazima tena. Ndiyo maana tumejenga mnara, mtu aongee na wake bila watu."

"Tulikosana mbele ya vijiji viwili," akasema. "Siwezi kupatana na mwanangu kona ya ukumbi kama tumeiba kuku. Washa, Hermila. Na leo usiende kukimbiza bata."

Nikawasha. Akaweka simu mbele ya kipaza sauti, akasema, "Haya, sema yale."

Ukasema. Ukasema kwamba ulitaka kuja na hukuweza, na kwamba ulisingizia panya. Sauti yako ilikwenda mpaka makaburini ikarudi. Otilia alitoka na unga mikononi, akakaa barabarani, akalia. Wale wa bendi walikuwa wamejazana mlangoni mwa ukumbi na vyombo vyao.

Baba akauliza, "Klarineti uliiuza?"

"Ipo, Baba."

"Basi itoe. Si ulisema tunakosea? Tupigie wewe unayejua, tujifunze."

Tukakusikia unavuta sanduku, unapuliza vumbi, tukamsikia na mtoto anauliza, "Baba, hicho nini?" Kisha ukaanza. Vidole vyako vilikuwa na kutu, sikufichi. Lakini uliendelea, na kijiji kizima kimesimama, na pale kwenye panya kila mtu akabana pumzi tusikie hizo nota mbili zinafananaje.

Ukaziruka. Uliruka pale pale tunaporuka sisi, ukaendelea mbele kama mtu aliyevuka kijito anachokijua.

Fidencio, hujaona watu wakicheka namna ile. Mpiga ngoma alikaa chini. Baba hakucheka. Aliinama kwenye kipaza sauti akasema, "Mmesikia wenyewe. Huyo ni wa kwetu." Akarudi ukumbini akachukua tarumbeta lake, bendi yote ikaingia nyuma yako. Sauti yako ilikuwa inachelewa kidogo njiani, kwa hiyo walipunguza mwendo wakawa wanakusubiri, kila mstari, mpaka mwisho.

Baba jana amejaza ule mstari kwenye daftari. Kwa wino.

Hermila, ambaye amefunga kibanda lakini kipaza sauti mkutano umesema kibaki


Los Angeles, 9 Novemba 2014

Dada Hermila,

Shikamoo. Tuko wazima. Mtoto anataka tarumbeta, mwambie Baba wa kulaumiwa ni yeye. Jumapili zote simu yangu iko mezani saa nne ya huku, na klarineti haiko tena chini ya kitanda.

Jambo moja sikulisema siku ile, nalo nakuachia wewe umwambie, nakuruhusu hata kwa kipaza sauti. Ile karatasi kamili nilikuwa nimeitegemeza kwenye kopo la mole, mbele ya macho yangu, na zile nota mbili nilikuwa naziona. Vidole vilikataa.

Nimempa Abundio hiyo karatasi ailete. Wawekeeni panya wamalizie.

Fidencio